Siku ya wazazi katika shule mbili asubuhi moja, na kliniki juu yake: nijigawe vipi?

Mama Watatu, Umoja (Jumanne)

Hamjambo wazazi wenzangu. Naomba ushauri wa wale ambao wamewahi kupitia jambo hili, kwa kuwa nimeligeuzageuza kichwani tangu Jumapili na kila nikilipanga linavunjika mahali.

Nina watoto watatu. Kifunguamimba yuko Gredi ya 2 katika shule moja Buruburu, wa pili yuko chekechea hapa hapa Umoja, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani, naye kitindamimba anatimiza miezi 9 wiki hii. Shule zote mbili zimetangaza siku ya wazazi Ijumaa hii ya kufunga muhula wa pili, na zote mbili zimeandika kwenye barua kwamba wazazi wawe wameketi kufikia saa mbili unusu asubuhi. Mkubwa atakariri shairi la beti nne peke yake mbele ya watu, na amelifanyia mazoezi jikoni, bafuni na ndani ya matatu hadi mimi mwenyewe nalijua kuliko nambari yangu ya kitambulisho. Mdogo wake yumo katika kikundi cha watoto ishirini na wawili watakaocheza isikuti, nami nimekwisha kulipia sketi ya makonge ambayo mwalimu aliagiza. Juu ya hayo, kijitabu cha kliniki kinaonyesha kwamba kitindamimba anatakiwa kuchanjwa dhidi ya surua Ijumaa hiyo hiyo, kwa maana kituo tunachokwenda hutoa chanjo hiyo siku ya Ijumaa pekee.

Mume wangu hufanya zamu ya usiku katika kiwanda kimoja Eneo la Viwanda. Hutoka saa kumi na mbili asubuhi, na matatu zisipokwama Donholm huwa nyumbani kufikia saa moja na nusu, akiwa na usingizi unaomfanya aitikie salamu akiwa ameshalala. Msaidizi wetu wa nyumbani aliomba ruhusa ya kwenda kwao tangu mwezi uliopita, naye ataondoka Alhamisi. Sitaki kumvunjia ahadi kwa sababu ya ratiba za shule.

Mpango nilio nao sasa ni kwamba baba ampeleke mtoto kliniki kisha alale, mimi nianzie chekechea, halafu nimchukue yule wa pili kwa bodaboda tukimbilie Buruburu. Baba akishindwa kuamka, nitambeba kitindamimba mgongoni niende naye kote. Ningependa kujua mambo matatu. Je, programu hizi huanza kweli saa inayoandikwa? Je, ni busara kumweka mtoto wa umri huo kwenye hema kutwa nzima katika baridi hii? Na chanjo ikisogezwa mbele siku chache, kuna madhara? Nawaomba msiniambie nichague shule moja, kwa maana nimejaribu kuchagua na nimeshindwa.

Mwalimu wa Chekechea, Donholm

Pole, mama. Nimefundisha chekechea kwa miaka mingi na nimekuwa katika kamati za kuandaa siku hizi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa hiyo nitakuambia jambo ambalo barua ya shule haiwezi kulisema: saa mbili unusu ni saa ya mzazi, si saa ya programu. Tunaiandika hivyo kwa sababu tunajua kwamba saa mbili unusu mafundi watakuwa bado wanafunga kamba za hema, na mtu wa vipaza sauti atakuwa anahesabu moja, mbili, tatu hadi watoto nao waanze kuhesabu pamoja naye.

Chekechea ndiyo huanza mapema kwa kweli, wala sababu yake si nidhamu. Sketi za makonge zinawasha, uji wa asubuhi unaisha tumboni kufikia saa nne, na mtoto wa miaka minne akikaa kwenye kiti cha plastiki kwa saa mbili utamkuta amelala huku kayamba liko mkononi. Ndiyo maana ngoma na nyimbo zao hupangwa mwanzoni, na hotuba tunawaachia wazazi baadaye. Shule ya msingi ni kinyume: wataanza kwa maombi, wimbo wa taifa, gwaride la maskauti, utambulisho wa walimu mmoja mmoja, kisha hotuba, na mashairi huchomekwa katikati ya hotuba ili watu wasisinzie. Kwa hiyo kuanzia Umoja na kumalizia Buruburu ni mpangilio mzuri.

Hata hivyo jihadhari na mgeni wa heshima. Mgeni akichelewa, mwalimu mkuu husema, "Tuwape watoto nafasi watutumbuize tunapomsubiri," na hapo ndipo mzazi aliyeweka matumaini yake kwenye hotuba ndefu hufika na kukuta shairi limekwisha kupigiwa makofi.

Wapigie simu walimu wote wawili leo au kesho, usingoje Ijumaa asubuhi wakati mwalimu ana pini mdomoni na watoto kumi wanataka kwenda msalani. Usiwaulize programu inaanza saa ngapi, kwa kuwa watakusomea barua. Uliza mtoto wako ni wa ngapi kwenye orodha, na ni nani anayemtangulia. Kisha mwombe mwalimu wa Buruburu amsogeze. Kikundi cha watoto ishirini na wawili hakisogezeki, kwa maana kuna ngoma, kuna mavazi, kuna foleni ya kuingia na kutoka. Lakini shairi la mtoto mmoja ni kama kiti cha plastiki, hubebwa likawekwa popote. Mimi nimewahi kuyasogeza mashairi kwa sababu ndogo kuliko hii yako.

Jambo moja dogo: usimvalishe mtoto ile sketi nyumbani. Mpeleke akiwa na sweta na soksi ndefu, sketi iwe kwenye mfuko, nasi tutamvalisha dakika za mwisho.

Baba Pacha, Kasarani

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu simu, lakini naona kuna kosa katika mpango wenyewe, nalo ni kwamba baba amepewa kliniki kwa sababu kule hakuna atakayemwona akisinzia. Nasema hivi kwa upole, kwa kuwa nilikuwa baba wa namna hiyo. Kwa miaka miwili nilikuwa mtu wa kulipa karo na kubeba viti, hadi siku mmoja wa pacha wangu aliponiuliza kama ninajua mlango wa darasa lake uko upande gani, na sikujua.

Tazama ramani tu. Mtu anayetoka Eneo la Viwanda akipita Likoni Road anaibukia Jogoo Road, na hapo Buruburu iko karibu kuliko Umoja. Kwa nini aende hadi nyumbani, apande kitandani, kisha atolewe kitandani? Abebe shati safi kwenye mfuko Alhamisi jioni, anawe uso kazini, anywe chai kibandani Buruburu, na saa mbili unusu awe ameketi. Hata ikiwa ataketi huku anasinzia, shairi likitajwa ataamka. Wewe ubaki na chekechea bila kukimbizana, na ukiwahi Buruburu itakuwa faida juu ya faida.

Afadhali zaidi, aombe usiku wa Alhamisi uhesabiwe katika likizo yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Haina siku maalumu ya hafla za shule, na tarehe ya likizo ni jambo la kukubaliana na mwajiri, kwa hiyo asiende kwa msimamizi akiwa na kifungu cha sheria mdomoni. Aende mapema, akiwa na jina la mwenzake aliyekubali kubadilishana naye zamu. Mimi nilipata ruhusa kwa njia hiyo, ingawa nililipa kwa kufanya Jumapili mbili.

Kuhusu bodaboda nitakuwa mkali kidogo. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva. Wewe na mtoto wa chekechea tayari mmezidi, na ukimwongeza wa mgongoni mtakuwa wanne kwenye pikipiki moja barabara ya Outering, na hakuna kofia ya kumtosha hata mmoja wa hao wadogo. Panda matatu, hata ukichelewa robo saa.

Muuguzi wa Jamii, Kayole

Nitajibu la chanjo peke yake, maana mengine yamejibiwa vizuri.

Watu wengi hudhani kwamba siku moja ya chanjo ya surua katika wiki ni uvivu wa kituo. Sababu iko ndani ya chupa. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga katika chupa ya dozi 10, nayo huchanganywa na kimiminiko chake maalumu kabla ya kudungwa. Ikishachanganywa ni lazima itumike ndani ya saa 6, na kinachobaki hutupwa. Muuguzi akifungua chupa kwa mtoto mmoja Jumatatu anaweza kumwaga dozi tisa, kwa hiyo vituo vidogo huwakusanya watoto siku moja. Vituo vikubwa vyenye watoto wengi huweza kufungua chupa siku nyingi za wiki, kwa hiyo piga simu au pita kwenye kituo kingine kilicho karibu nawe uulize siku yao. Huhitaji barua ya kuhamishwa; beba kijitabu tu.

Mtoto akichelewa siku chache, hata wiki, hakuna kinachoanzwa upya. Dozi ya kwanza ni ya miezi 9 na ya pili ni ya miezi 18, na atakapofika ataandikiwa na kuendelea. Ninachokiogopa ni "wiki ijayo" inayozaa "mwezi ujao", kwa hiyo chagua tarehe leo na uiandike. Ukiwa huko, hakikisha pia kwamba alipewa matone ya vitamini A alipofikisha miezi 6, kwa maana hilo husahaulika sana.

Lakini kwa swali lako la kumpeleka kwenye hema, jibu langu ni kwamba simpendekezei, na baridi ndiyo sababu ndogo. Baridi huondolewa na sweta. Surua ni ugonjwa unaosafiri hewani, na virusi vyake vinaweza kubaki katika hewa ya mahali hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Mtoto ambaye hajachanjwa, katikati ya mamia ya watoto wanaokohoa chini ya turubai, hana kinga yoyote. Hata ukimchanja asubuhi hiyo hiyo, mwili wake utahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Mwache nyumbani na mtu mzima unayemwamini. Maziwa unayokamua hukaa salama saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, au siku 4 kwenye jokofu, na kwa umri wake anakula pia uji na viazi vilivyopondwa, kwa hiyo hatalala njaa.

Nyanya wa Makadara

Mmemtaja mwalimu, mkamtaja mwajiri, mkamtaja muuguzi, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwanangu huyu kama ana mama, mama mkwe, dada au shangazi katika mji huu wote. Sisi tulilea Makadara bila kundi la simu, tukawaacha watoto kwa jirani wa mlango wa pili, na jirani akawarudisha wakiwa wameoga. Mpigie mtu wa damu yako. Mwambie ukweli kwamba umeelemewa, usimwambie "upite tu kama una nafasi," kwa sababu mtu akiambiwa hivyo hatapata nafasi.

Halafu sikia hili la chakula, maana hapo shuleni mtauziwa soda na biskuti na watoto watarudi na tumbo. Chukua thamosi, itie maji ya moto kwanza uache dakika kumi, uyamwage, ndipo utie uji wa wimbi. Uji utakuwa moto hadi saa saba. Thamosi isipopashwa kwanza inakunywa joto la uji wako lote, ndiyo maana wengine hulalamika kwamba thamosi zao ni mbovu. Chemsha viazi vitamu usiku. Beba leso mbili, moja ya kujifunika na nyingine ya kutandika kwenye nyasi, maana viti haviwatoshi watu kamwe. Mtoto wa isikuti asinywe uji akiwa ndani ya sketi ile.

Mama Watatu, Umoja (Jumatano)

Nimesoma yote mara mbili na nawashukuru. Nyanya, nimecheka, kisha nikampigia mdogo wangu anayeishi Pipeline. Nilimwambia ukweli kama ulivyoniagiza, naye akasema atalala kwangu Alhamisi usiku, mradi nimpikie chapati. Kitindamimba atabaki naye.

Mwalimu wa Buruburu amekubali kulisogeza shairi hadi baada ya hotuba ya kwanza. Ilibidi nimweleze mara mbili, maana mwanzoni alidhani ninaomba mtoto aondolewe kwenye programu. Wa chekechea amesema isikuti ni ya nne. Mume wangu hakupata likizo kwa kuwa nafasi za wiki hii zimekwisha, lakini aliposikia habari ya kupitia Likoni Road alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo inawezekana." Shati limekwisha kupigwa pasi. Nimepata pia kituo kingine kinachochanja surua siku ya Jumanne, nami nimeiandika tarehe kwenye jalada la kijitabu kwa kalamu nyekundu.

Baba Pacha, Kasarani

Mwambie abebe na mswaki.

Mama Watatu, Umoja (Jumamosi)

Narudi kuwaeleza ilivyokuwa, maana si haki kuchukua ushauri wa watu na kuondoka kimya.

Isikuti haikuwa ya nne. Kikundi kilichotangulia kilipoteza ngoma yake, mwalimu akawaita wetu wapande, na saa tatu na robo binti yangu alikuwa jukwaani na sketi imefungwa juu ya sweta la kijivu, akicheza hatua moja nyuma ya wenzake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuonyesha kwamba jambo hilo linamsumbua. Saa tatu na dakika arobaini tulikuwa kwenye matatu. Tulikuwa tumesahau kuivua sketi, na nyuzi za makonge zilikuwa zinadondoka kwenye kiti na kwenye suruali ya mzee aliyekaa karibu nasi, hadi kondakta akauliza kama sketi nayo italipa nauli.

Mwalimu wa Donholm, ulisema kweli tupu kuhusu mgeni wa heshima. Hakuwa amefika. Kwa hiyo mpango wote wa "baada ya hotuba ya kwanza" uliyeyuka, mashairi yakaitwa mapema, na tulipoingia langoni saa nne na dakika tano nilisikia sauti ya mwanangu kwenye kipaza sauti, ikiwa inamalizia ubeti wa pili. Nilisimama nyuma ya hema nikiwa na thamosi mkononi. Ubeti wa tatu ukamtoka kichwani. Akakaa kimya, nami nilikuwa mbali mno kumsaidia. Baba yake alikuwa mstari wa tatu, amevaa lile shati, na alichokijua kuhusu shairi hilo ni kile alichokisikia kupitia mlango wa chumba cha kulala akiwa katikati ya usingizi. Akamtolea neno la kwanza kwa midomo, bila sauti. Lilikuwa neno la ubeti wa nne. Mtoto alimtazama, akacheka mbele ya watu wote, akatikisa kichwa kumwambia siyo, kisha akalikumbuka lililo sahihi na kuendelea hadi mwisho.

Mgeni wa heshima alifika saa tano na robo. Mume wangu aliisikiliza hotuba yake akiwa amelala juu ya leso ya pili nyuma ya hema, na huyo wa chekechea amelala juu ya mkono wake. Uji ulikuwa moto hadi saa saba kasoro. Mdogo wangu aliripoti kwamba kitindamimba alikula viazi vyote, akalia robo saa, kisha akalala saa mbili mfululizo, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi.

Kliniki ni Jumanne. Kwa sasa nina swali jingine, nalo ni dogo: niliiosha ile sketi bafuni jana jioni kabla ya kuirudisha shuleni, na nyuzi zake zimeziba mtaro. Nimejaribu maji ya moto na waya wa kutundikia nguo. Kama kuna anayejua njia ya kuzitoa kabla sijamwita fundi wa mabomba, naomba anijuze.

Nyanya wa Makadara

Ulitumia maji ya moto kwenye makonge, mwanangu? Yamevimba. Acha yakauke hadi kesho, kisha uyavute kwa ndoano ya kushonea mikeka. Mume wako asiyaguse, mwache alale.